Jina la Upande wa Ndani

Mkubwa, mwanangu, funga kwanza huo mlango wa mbele kabla jirani hajaleta pole zake mapema, maana yule mama huja kwa mgonjwa kama aliyekuja kupima chumba, anatazama kona zote. Haya. Sasa kaeni. Usikae ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa, kaa vizuri, ofisi yako ya maji haitakauka leo. Wewe wa kati, acha kuninyooshea shuka, unga ulionimwagia humu kitandani tangu asubuhi unatosha mkate mzima. Chukua daftari lako la vipimo uandike. Andika kama ninavyosema, usinisafishie lugha. Niliishia darasa la saba, sitaki mtu aje kusoma adhani mama yenu alikuwa mtu wa hotuba. Na usiandike humo jina lolote la mtu, majina yana mahali pake na leo tutafika huko. Na wewe kitindamimba wangu, fundi umeme wa nyumba za watu, toka hapo mlangoni. Najua tumenuniana mwaka na miezi minne. Njoo ukae hapa kwenye kiti cha cherehani nikuone, kwa sababu sehemu kubwa ya maneno haya ni yako, na pumzi niliyobaki nayo si ya kupaza mpaka mlangoni.

Daktari ameniambia, "Tutaona, bibi." Nimefanya kazi hospitali miaka thelathini na moja, najua "tutaona" maana yake nini.

Nianze na vitu, vitu ni rahisi. Nyumba hii ya vyumba vitatu ni yenu wote, na isiuzwe madamu tanuri la huyu wa kati liko uani na linawaka. Mkubwa akija kusema iuzwe kwa sababu mkewe ameona nyumba yenye vigae, mwambieni mama alikataa. Na huyo mkeo, mkubwa, mwambie lile neno nililolisema juu ya mapazia yake mbele ya wageni, miaka tisa iliyopita, lilikuwa la kweli lakini halikuwa na kazi pale. Pindo lilikuwa limepinda. Ningelinyoosha kwa nusu saa nikanyamaza. Mwambie hivyo hivyo, usiongeze, asije akadhani nimepiga magoti.

Cherehani achukue wa kati, yeye angalau huitia mafuta. Mkasi mkubwa uende nayo, na atakayekata karatasi kwa mkasi ule nitamtokea ndotoni, hilo si neno la mzaha. Fremu ya kutarizi, sanduku la nyuzi, na aproni yangu ya kazi iliyoko droo ya chini ya cherehani, ni vya kitindamimba. Usifungue droo hiyo sasa. Ondoa mkono. Tutaifikia.

Halafu kuna deni. Ninalo moja, wala si la pesa. Nimetumia kitu cha mtu kwa miaka sitini na minane, na mwenyewe hajapata kunidai kwa sababu amekufa. Jina mnalolijua kuwa la mama yenu, lililo kwenye kitambulisho changu, kwenye vyeti vyenu vya kuzaliwa, mlilomwandikia daktari jana, si langu. Ni la dada yangu.

Umeacha kuandika. Andika.

Nilikuwa na dada. Mnajua bibi yenu alizika mtoto, lakini hamkujua zaidi ya hapo kwa kuwa hakuna aliyewaambia zaidi ya hapo. Alinizidi miaka miwili. Alikuwa na meno ya mbele makubwa, alikuwa anacheka kwa pua, na alikuwa na cheti cha kuzaliwa, kwa sababu yeye alizaliwa zahanati. Mimi nilizaliwa nyumbani siku ya mvua kubwa, na kila wiki ikawa inasemwa nitapelekwa kuandikishwa wiki ijayo. Nafasi ya darasa la kwanza ilipopatikana ilikuwa moja, na ilipatikana kwa jina lake na cheti chake. Babu yenu akamnunulia sare kubwa ili imfae miaka mitatu. Wiki mbili kabla ya shule kufunguliwa dada alishikwa na homa siku ya Jumanne, na Ijumaa hatukuwa naye.

Msiba siukumbuki vizuri. Nakumbuka sare. Ilikuwa imening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, na siku ya kufungua shule baba aliitungua akanivisha, ikanifika vifundoni. Mama akapiga magoti, akakunja pindo mara mbili, akaishona nikiwa nimeivaa, uzi akaukata kwa meno. Njiani baba akaniambia, "Kiti kimeshapatikana, hakiwezi kukaa kitupu. Mwalimu akiita jina la dada yako, uitike. Mtu akikuita hilo lako, usigeuke." Nikamwuliza mpaka lini. Akasema, "Mpaka umalize shule." Sidhani alikuwa ananidanganya. Hakujua tu kwamba likishaandikwa kwenye daftari la kwanza, la pili litanakili kutoka lile la kwanza, na la tatu kutoka la pili, na hakuna karani atakayeinua macho kumtazama mtoto mwenyewe.

Mwezi wa tatu baba akahamishwa kazi, tukaenda mji mwingine, na kule hapakuwa na mtu aliyenijua kabla. Basi, ikawa imetoka hiyo. Cheti cha darasa la saba, jina lake. Kitambulisho, jina lake. Cheti cha ndoa, jina lake na umri wake, ndiyo maana baba yenu alidhani amenizidi miaka mitatu kumbe mitano, nami nikamwacha ajione kijana. Yeye naye sikumwambia. Miaka thelathini nimelala na mume anayeniita dada yangu, na siku alipokata roho, neno lake la mwisho lilikuwa hilo, nikaitika, kwa sababu ungefanya nini.

Na huko dada alikozikwa, nyuma ya nyumba ya zamani, hakuna kibao. Hakingeweza kuwekwa. Utaandikaje juu ya kaburi jina la mtoto ambaye kila asubuhi anaitika "nipo" darasani? Kuna jiwe tu, ukubwa wa mkate. Mkubwa, siku tuliyokwenda kuiona nyumba ile ulikuwa na miaka saba, ukalikalia ukimenya chungwa, nikakuchapa mpaka chungwa likaruka. Ukauliza kosa lako nini, nikasema umechafua suruali. Jiwe hilo ndilo lililokuwa kosa lako. Umelishika moyoni mpaka leo, najua, kila tukikosana unalitaja lile chungwa. Sasa umejua.

Nipe maji. Kidogo, usinioshe.

Vitambulisho havikuniuma. Karatasi ni karatasi. Kilichoniuma ni bibi yenu. Wakubwa wa pale nyumbani walikubaliana wasilitaje langu hata chumbani, nisije nikajisahau mbele ya mwalimu. Basi mama akawa ananiita la dada kutoka jikoni, kwa sauti ile ile aliyokuwa akimwitia dada mwenyewe, ya kupandisha mwishoni, nami mbio, "Abee, mama!" Nikitokeza mlangoni, uso wake unashuka. Kidogo tu, kama mtu aliyenyanyua ndoo akidhani ina maji. Siku zote, hakuna siku aliyokosa. Alikuwa ameita mmoja, akaja mwingine. Halafu anajikaza, ananituma chumvi.

Langu hakuliita tena. Nimekaa nikilisubiri. Nimekuwa mke, nimekuwa mama wa watatu, nimekuwa Bi Mkasi wa chumba cha ushonaji ambaye manesi walikuwa wanabisha hodi mara mbili kabla ya kuingia, na bado nikiwa peke yangu hapo uani nafua, nilikuwa naacha nguo majini nageuza shingo, kama nimesikia kitu. Si jina zuri kupita mengine. Ni fupi, na linaanzia kwenye midomo. Lakini nililitamani, wanangu, jinsi mtu anavyotamani harufu ya chumba alicholala utotoni, kitu ambacho huwezi kumwagiza mtu akuletee.

Kazi yangu mnaijua kwa nje. Chumba cha ushonaji kilikuwa ghorofa ya chini karibu na kufulia, dirisha moja, mvuke wa pasi kutwa, wanawake wanne na cherehani tano, na ya tano ilikuwa mbovu siku nilipoanza na mbovu siku nilipostaafu. Mimi nilikuwa wa majina. Kila koti la daktari, kila gauni la nesi, lilipita mikononi mwangu nikalitarizi jina kifuani kwa uzi wa buluu. Nesi akiolewa analeta koti, "Bi Mkasi, fumua hili la baba, niwekee la mume." Akiachika huyo anarudi, "Fumua la mume, nirudishie la baba." Kulikuwa na daktari mmoja wa macho, mwanamke mzuri, alirudi mara tatu. Mara ya tatu nikamwambia, "Daktari, nikutilie zipu?" Alicheka mpaka akakaa kwenye kikapu cha mashuka.

Sasa kufumua kuna utaratibu wake. Hufumui kwa mbele. Ukikata uzi kwa mbele utakata na kitambaa. Unaligeuza koti, unaingia upande wa ndani kule kwenye mafundo ambako mwenye koti mwenyewe hajawahi kutazama, unakata fundo moja moja kwa wembe, unavuta nyuzi taratibu, unapiga mswaki mkuukuu, unanyunyiza maji, unapitisha pasi, na matundu yanafunga. Koti jipya halitaonyesha kitu. Lakini koti la miaka mingi, lililopauka, ukishatoa uzi unakuta pale chini ya herufi rangi imebaki mbichi, na jina linasomeka bila uzi wowote. Tulikuwa tunakiita kivuli. Wageni wa kazi hiyo wote hukosea hapo: wanaogopa kivuli, wanaliweka jina jipya pembeni, na mwenye koti anatembea wodini na mawili, wagonjwa wanamwuliza, dada, wewe ni yupi kati ya hawa? Jipya unaliweka pale pale, juu ya kivuli, mshono mnene. Na lile la zamani unalipeleka kwa mwenyewe, kama ni la baba basi baba analo. Usiliache linazurura.

Aproni yangu mimi ilikuwa na jina la dada kifuani, mnaliona kwenye picha ya kustaafu pale ukutani. Mwaka wangu wa pili kazini, mchana mmoja wenzangu wamekwenda kula, nilichukua kipande cha shuka, nikakitarizi langu, nikakishonea kwa ndani, nyuma ya lile la dada, herufi zimenigeukia mimi. Nimelivaa hivyo miaka ishirini na tisa. Hakuna aliyeliona. Ndilo lililoko droo ya chini.

Kisha ukaja wewe, kitindamimba.

Nilikuwa na miaka arobaini, arobaini na miwili kwa karatasi. Hawa wawili walikuwa wamepewa majina na baba yao, hiyo ilikuwa zamu yangu. Nikakupa langu. Baba yenu akauliza limetoka wapi, halimo kwenye ukoo wake wala wangu. Nikamwambia nimelipenda tu. Mkubwa anapenda kusema jina lako ni la ukoo, ameliandika na kwenye ile barua yake: si la ukoo, mwanangu, lilitoka kwenye aproni.

Nilikupa ili nilisikie. Huo ndio ukweli wenyewe, hauna urembo. Nilitaka lipigwe ukelele humu ndani, lipitie dirishani, baba yenu aliite akitafuta viatu, ndugu zako waligombanie, jirani alitamke vibaya. Nilitaka kulala mchana nikiwa nalisikia uani. Na bibi yenu alipokuja kukuona, nikiwa nimekaa kitandani, nikamwambia tumemwita hivi. Akakuchukua, akakutazama, akaliita. Lile lile, la kupandisha mwishoni. Lakini macho yalikuwa kwangu. Alikuwa amekushika wewe na ananitazama mimi, na uso wake haukushuka. Sikuitika. Nilikuwa na neno hapa kooni, neno dogo la mtoto, nikaona aibu, mwanamke wa miaka arobaini, mume yuko chumba cha pili. Nikasema, "Mama, chai itapoa." Baada ya miezi miwili akafa.

Subiri. Niacheni. Si kulia, ni kifua.

Kwa hiyo mwaka jana ulipokuja na fomu yako, ukaiweka hapa juu ya cherehani, ukasema unataka kubadili jina kisheria, ulikuwa unafikiri unaomba ruhusa ya mama mkorofi. Hukujua unamfukuza mtu nyumbani. Nikakuuliza limekukosea nini. Ukasema shuleni walikucheka una jina la bibi kizee; nikasema waliokucheka wote sasa ni vibibi. Ukasema mafundi wenzako wakiliita ukiwa juu ya ngazi hugeuki, unadhani wanaita mwingine. Nikasema nunua masikio. Ndipo ukasema lile. "Mama, tangu nikiwa mdogo, ukiniita naona kama unamwita mtu aliyesimama nyuma yangu. Naitika, nakuja mbio, na uso wako unakuwa kama umekosa kitu."

Nikaichana fomu. Nikaichana mara nne, kwa mikono hii. Nikasema mtu anayebadili jina aliloitwa na mama yake atabadili na kaburi la mama yake, na mengine sitaki huyu ayaandike. Nikamwambia mkubwa andika barua kwa ofisi ya usajili, hata ukijaza fomu nyingine ikwame. Na mkubwa hahitaji kuombwa mara mbili kuandika barua. Akaandika na "Yah", akapigia mstari PINGAMIZI, akasema serikali isiruhusu kabisa watu kubadili majina, maana kila mtu akijiita atakavyo tutajuana vipi, mwizi ataitwa mchungaji na mdaiwa ataitwa marehemu. Nilipenda sana hiyo ya marehemu. Nikamwambia tia muhuri.

Na una haki nusu, mkubwa. Mnamkumbuka fundi saa wa pale kona, alikuja na jina moja, akaondoka na la tatu, na kila jina limeacha mke dirishani. Huyo alikuwa anakimbia tu, na jina ni viatu vyake. Watu wa namna hiyo wafuatiliwe, sheria ina macho, itangazwe gazetini, waulizwe. Lakini huwezi kuwafungia wote kwa ajili ya fundi saa. Mimi nimefumua majina ya watu miaka thelathini na moja na sijaona koti hata moja lililokufa kwa hilo. Niliyokuwa nikiyaona ni mabega. Mtu anakuja mabega yamejikunja, analivaa lenye jina analolitaka, anajitazama kwenye kile kioo chetu kilichopasuka, mabega yanashuka. Watu ambao hawakuwa wakikimbia chochote. Na mwanamke aliyekuwa anawafanyia hivyo, akirudi nyumbani, alimnyima mwanawe mwenyewe.

Ilinichukua mwaka kulisikia vizuri lile neno lako. Nilikuwa nakasirika mpaka usingizi, halafu siku moja nimekaa hapa natunga uzi, nikamwona mama kwenye mlango wa jikoni na uso wake umeshuka, na nikajua umesema nini. Uliitwa jina langu ukaja wewe. Miaka thelathini na mitatu nimekuwa nakuita, na kila ukitokea, mtoto mzuri, umejipaka masizi ya waya mpaka kwenye nyusi, mimi namtafuta yule mwingine, wa miaka sita. Nilikufanyia nililofanyiwa. Na mimi nililijua linavyouma, mama hakulijua. Kwa hiyo langu ni kosa kubwa zaidi.

Miezi mitatu iliyopita, kabla miguu haijagoma, nilikwenda kwenye ofisi hiyo ya usajili. Hamkujua. Niliwaambia nakwenda kununua nyuzi. Nilitaka kuiondoa ile barua. Binti wa dirishani akasema anayeiondoa ni aliyeiandika, mama hawezi. Nikasema haya, nipe na fomu ya kubadili. "Unamchukulia nani, bibi?" Nikasema mimi. Akacheka, si kwa ubaya. "Bibi, saa hizi ubadili jina la nini, unaolewa?" Foleni nzima ikacheka. Nikamwambia, "Naenda kuzikwa, binti yangu, na nisingependa kuzikwa mara ya pili kwa jina la mtu aliyekwisha kuzikwa." Akatoka nyuma ya dirisha, akanishika mkono, akaniketisha kwenye benchi, akanisomea fomu yote polepole kama mtoto mzuri aliyelelewa.

Ukurasa wa pili unataka mashahidi wawili. Watu wazima, waape kwamba wanamfahamu mwombaji kwa jina hilo analoliomba. Nikakaa pale benchini nikawahesabu. Baba, hayupo. Mama, hayupo. Dada. Mwenye nyumba wetu wa kwanza, aliyekuwa ananipa bonge la sukari guru. Nikafika mwisho, wanne, wote chini. Mkubwa, wewe unaisema sheria, mimi siku ile sikuona kosa lake. Imeuliza swali la haki kabisa: nani anakujua? Sikuwa na hata mmoja.

Nikairudisha nyumbani ndani ya mkoba wa nyuzi.

Nisogezeni juu. Hapo. Mto huo… hapo.

Sasa sikieni, haya ndiyo maagizo, wa kati andika kwa herufi kubwa. Kesho mlango wa ofisi ile ukifunguliwa, mkubwa uwe wa kwanza. Uiondoe barua yako. Kwa mkono wako, na usiandike barua nyingine kueleza kwa nini. Uwape fomu mpya ya mdogo wako. Jina ulilojichagulia, kitindamimba, nimelisema peke yangu jikoni mara nyingi, linakaa mdomoni vizuri, ingawa mwishoni linapiga kidogo kama kikohozi. Lichukue. Mabega yashuke. Mimi kukuita nalo… nitajitahidi kwa siku zilizobaki, nikikosea unisahihishe kwa sauti, kama fundi.

Na uwape fomu yangu. Nimeshaijaza, imo droo ya chini pamoja na aproni. Sahihi nimetia ya kwangu, ndiyo imepinda, sijawahi kuiandika. Na ikiwa wao watakwenda polepole na mimi nikaenda haraka, hospitali wataandika la dada kwenye cheti cha kifo, kwa sababu ndilo lililoko kwenye faili. Msikubali likomee hapo. Rudini, mkalisahihishe. Mtahangaika, mtaambiwa njoo kesho. Nendeni hiyo kesho.

Vibao viwili. Kimoja changu. Kingine mkipeleke kule nyuma ya nyumba ya zamani, kwenye jiwe, mkaandike jina mlilokuwa mkiniitia mimi. Ni lake. Andikeni na miaka minane, isiongezwe. Nimemkalia muda mrefu mno, maskini, na yeye alikuwa mtoto wa kupenda kuitwa. Akiitwa alikuwa anajificha nyuma ya mlango ili aitwe tena.

Maji… hapana. Basi. Midomo tu.

Bado mashahidi. Sitaki muape uongo kwa ajili yangu, nimeishi uongo wa kutosha kutufaa wote. Imeandikwa wanaomfahamu kwa jina hilo. Basi mnifahamu. Fungua droo, kitindamimba. Itoe aproni. Igeuze. Igeuze, upande wa ndani… hapo kwenye kipande cheupe. Ndiyo. Ndiyo, ni lako. Sasa unajua lilikuwa la nani, na nani alikuwa nyuma yako. Alikuwa mimi.

Mkubwa, lisome. Kwa sauti. Unasoma kama bili ya maji, mwanangu. Tena. Hivyo. Umeapa kweli. Wa kati, wewe. Usilie juu ya daftari, wino utatoka. Sema… eeh. Vizuri. Wawili. Wametimia.

Wanangu. Radhi yangu mnayo, tangu zamani mlikuwa nayo, nilikuwa na mdomo tu. Kila mmoja wenu apate mtu wa kumwita kutoka chumba kingine, bila haja yoyote, na akitokea mlangoni, uso wa aliyemwita unyanyuke. Sina baraka nyingine kubwa kuliko hiyo. Ningekuwa nayo ningewapa.

Mnashika mkono gani? Siusikii. Shika huu.

Kitindamimba. Wewe hukulisoma. Usilisome. Nenda jikoni. Nenda, mwanangu, na mlango uuache wazi. Simama pale penye dirisha, uniite. Usiseme mama. Hilo, hilo lenyewe. Ulirudishe. Upandishe mwishoni… kama mtu ana kazi na wewe…

Shh. Nyamazeni, nyie. Mnanizuia kusikia.

…

Abee.

Abee, mama! Nakuja.